Nani Ana Ufunguo? Mwongozo wa Klabu na Nyenzo za Shule kwa Anayeingia Bweni

Fomu ya kujiunga na shule imeshakuambia vyote vya kubeba: tranka na kufuli, godoro, shuka, ndoo, chandarua, jembe au kwanja, fagio, rimu ya karatasi. Imekuambia na vya kuacha nyumbani, simu ikiwa ya kwanza. Ambacho fomu haikusema ni shule yenyewe ina nini, na utakipataje. Maktaba imepewa mstari mmoja, maabara mstari mwingine, na klabu zimetajwa kwa mkupuo karibu na ratiba ya usafi. Mwongozo huu unaanzia hapo. Ninayemwandikia hasa ni yule anayeripoti kidato cha tano katika shule ya bweni ya serikali hapa Tanzania, kwa kuwa muda wake ni mfupi: anaingia Julai, na mtihani wa taifa wa kidato cha sita unamkuta mwezi Mei kabla hajatimiza miaka miwili shuleni. Wa kidato cha kwanza naye atachota lake humu.

Shule zetu nyingi za bweni zina nyenzo kuliko wanafunzi wanavyodhani, ila zimefungwa. Maktaba imefungwa kwa sababu mwalimu aliyekabidhiwa ana vipindi vyake vya kufundisha na hakuna mkutubi aliyeajiriwa. Chumba cha kompyuta kimefungwa kwa sababu kuna wakati kipanya kilipotea na hakuna aliyejibu. Mipira iko stoo, na mwenye stoo ameenda mjini kufuata mchele. Hakuna anayekunyima kwa makusudi. Kinachokosekana ni mtu wa kuomba kwa utaratibu, na mlango ukishafunguliwa, abaki hapo kuwajibika. Klabu iliyo hai ndiyo njia halali ya kuwa mtu huyo. Utaambiwa ujiunge na klabu ili ukuze kipaji na upate marafiki, na ni kweli. Mimi naongeza swali moja la kuuliza kabla hujaandika jina: klabu hii inafungua mlango gani?

Wiki za mwanzo, tembea kwanza

Jumamosi moja baada ya kuripoti mtakusanywa bwaloni kukaribishwa, na kila klabu itamsimamisha msemaji wake hodari kuliko wote. Usijiandikishe siku hiyo. Msemaji anaweza kuwa mzuri na klabu yake imelala tangu mwaka jana. Subiri wiki ya kawaida, uende uone wanakutania wapi, saa ngapi, na wanafanya nini wakishakutana. Uliza mara ya mwisho walikutana lini. Uliza mlezi wao ni nani, na kama huwa anakuja au ni jina tu kwenye karatasi. Uliza kuna kitu gani walichokifanya ambacho unaweza kukiona kwa macho: bustani, gazeti la ukutani, daftari la kumbukumbu za vikao. Ukijibiwa kwamba bado wanasubiri mfadhili, hapo pana fulana na bango, klabu haipo.

Wakati huohuo izunguke shule kama fundi anayepima nyumba. Chukua kurasa mbili za mwisho za daftari lako, uchore safu tatu: mlango, mwenye ufunguo, saa anazopatikana. Zijaze taratibu, kwa kuuliza na kwa kutazama. Mstari mmoja utasomeka hivi: "Maktaba, mwalimu wa Historia wa kidato cha sita, baada ya chakula cha mchana, ofisi ya pili kushoto, kiranja wa taaluma ana ufunguo wa akiba." Fanya hivyo kwa maabara, chumba cha kompyuta, stoo ya michezo, zahanati au chumba cha huduma ya kwanza, stoo ya zana za shamba, ofisi ya taaluma. Ongeza na mahali maji yanapopatikana siku bomba likikauka, kwa maana hiyo ni nyenzo kuliko nyingine zote.

Usiupite ubao wa matangazo. Tafuta karatasi zenye tarehe. Mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na yale ya SADC hutangazwa kwa shule za sekondari, na tangazo linaweza kuzeekea mezani kwa mwalimu wa taaluma kwa sababu tu hakuna mwanafunzi aliyeuliza. Nenda ukaulize. Walimu wenzangu watanisamehe kwa kuitoa siri hiyo.

Maktaba

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo nyenzo inayodharauliwa kuliko zote.

Julius Nyerere aliingia shule ya Tabora mwaka 1937. Kiingereza chake alikinoa kwa vitabu vya maktaba ya shule, alikuwa mtu wa mdahalo, na pamoja na wenzake alianzisha kundi la skauti baada ya kusoma kitabu cha Baden-Powell. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa kwa hoja kwamba ni mpole mno. Nalitaja kwa ajili ya wale wanaodhani asiyepata cheo shuleni amekosa yote. Maktaba haikumdai cheo.

Ukiingia, usiishie kwenye rafu ya vitabu vya kiada, ambavyo kila mtu anavigombania. Tafuta vya ziada, vile ambavyo jalada limetoka na vumbi limetulia. Kisha ulizia kitu ambacho wanafunzi wengi hawajui kama kipo: taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. NECTA huchapisha taarifa hizo kwa kila somo na kuziweka kwenye tovuti yake. Ndani yake swali huelezwa moja moja: lilidai nini, waliofanya vizuri walijibu vipi, walioanguka walikosea wapi, na wakati mwingine mifano ya majibu ya wanafunzi wenyewe imewekwa humo. Ukisoma taarifa za miaka mitatu za somo lako utaona makosa yaleyale yanarudi: mtu ameambiwa afafanue akaorodhesha, ameombwa mifano ya Tanzania akatoa ya vitabuni tu. Kama shule haina nakala, mwombe mwalimu wa taaluma azipakue na kuchapa seti moja ikae maktaba. Rimu uliyokuja nayo si ya mapambo. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, kwa hiyo chumba cha kompyuta chenye intaneti, hata kikiwa na mashine chache zinazowaka, kinakuongezea rafu.

Na kama maktaba haifunguliwi? Hapo ndipo klabu ya maktaba inapozaliwa, na huhitaji zaidi ya watu sita na barua moja. Barua nyingi za wanafunzi huanza kwa kusifu uongozi wa shule na kuishia kuomba "msaada wa hali na mali". Mkuu wa shule akizisoma hajui anaombwa nini. Iandike hivi:

"Mkuu wa Shule. Kupitia kwa: Mwalimu wa Maktaba.

YAH: OMBI LA KUSIMAMIA MAKTABA JUMANNE NA ALHAMISI, SAA 10:00 HADI 11:30 JIONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wanafunzi sita wa kidato cha tano tunaomba kusimamia maktaba siku zilizotajwa. Wawili kati yetu watakuwa mlangoni muda wote. Mabegi yatabaki nje. Kila kitabu kitakachoazimwa kitaandikwa kwenye daftari na kurudishwa ndani ya siku saba. Baada ya kufunga tutahesabu vitabu vya mezani na kumkabidhi Mwalimu ufunguo na daftari kabla ya chakula cha jioni. Kitabu kikipotea zamu yetu ikiwepo, tutatoa taarifa siku hiyohiyo kwa maandishi. Tunaomba majaribio ya mwezi mmoja."

Chini yake weka majina sita na saini. Barua hiyo haina maneno matamu, ila imejibu kila anachokihofia mwalimu: nani yuko mlangoni, kitabu kikipotea itakuwaje, ufunguo utarudi lini. Na yale majaribio ya mwezi mmoja yanamrahisishia mkuu kukubali, kwa sababu anajua anaweza kufunga tena bila ugomvi. Mwezi ukiisha mpelekee daftari aone mistari. Mistari ikiwa mingi, hutaombwa maelezo.

Ujumbe huohuo ukibadilisha majina unafaa kwa chumba cha kompyuta, kwa stoo ya mipira, hata kwa ukumbi wa mazoezi ya kwaya.

Mdahalo

Kama Kiingereza kinakupa homa, na kwa wengi wetu waliosoma msingi kwa Kiswahili kinatupa, mdahalo ndio mahali pa kuitibu. Darasani unaweza kumaliza mihula yote bila kusema sentensi nzima ukiwa umesimama, na mwalimu hataona. Kwenye mdahalo huna pa kujificha.

Ila usianze na kuwa mzungumzaji mkuu. Anza na kutunza muda. Mtunza muda anakaa mbele, anagonga kengele, anasikiliza kila mzungumzaji kwa makini kuliko mtu yeyote ukumbini, na hakuna anayemcheka. Ukishazoea kukaa mbele, omba kuwa katibu. Kuandika hoja za watu wengine kwa Kiingereza chako kunakufundisha kuzipanga. Halafu changia kutoka kwenye viti: hoja moja, mfano mmoja, kaa chini. Baada ya hapo ndipo usimame upande wa kuunga mkono au wa kupinga.

Tazama makosa ya waliotangulia. Mzungumzaji amepewa dakika nne. Ya kwanza nzima anaimaliza kumsalimu mwenyekiti, walimu, majaji, wapinzani "wapotovu" na watazamaji wapendwa. Nyingine inaishia kwenye maneno mazito aliyoyakariri usiku. Hoja inabaki na dakika mbili. Wewe salimu kwa sentensi moja, taja hoja zako zote kwanza, kisha zirudie moja moja na ushahidi. Hata kengele ikikukatisha, ukumbi unajua ulikuwa unaelekea wapi.

Nina lawama kwa klabu nyingi za mdahalo: mada zao. Mwanamke na mwanamume nani bora, fedha na elimu ipi zaidi, mjini na kijijini wapi pazuri. Mada hizo zimebishaniwa tangu wazazi wenu wako shule na hazimlazimu mtu kufungua kitabu. Ukiingia kamati pendekeza mada inayodai kusoma: kama wanafunzi wa bweni waruhusiwe simu mwishoni mwa wiki, kama shule iache kuni na kupikia gesi, kama Elimu ya Kujitegemea aliyoiandika Nyerere mwaka 1967 bado ina nafasi kwenye shamba la shule au imebaki kuwa adhabu. Wa HGL atakuja na historia, wa EGM atakuja na hesabu za gharama ya kuni, na mtu wa CBG atawasumbua wote.

Sayansi na maabara

Kwa wa PCM na PCB maabara ni suala la mtihani, kwa kuwa mazoezi ya vitendo yanatahiniwa. Mtu muhimu hapa ni fundi sanifu wa maabara, pale shule ilipobahatika kuwa naye, au mwalimu anayebeba kazi yake. Njia ya kumzoea ni kubaki baada ya zoezi ukaosha vyombo na kurudisha kila chupa mahali pake. Anayebaki kuosha ndiye anayejua bureti zipi zinavuja, na ndiye atakayeitwa siku ya maandalizi. Usiingie maabara peke yako hata ukipewa ufunguo, na tindikali usiiguse bila mwalimu kuwepo. Hilo halina mjadala.

Klabu ya sayansi isiyo na kazi ya kuonyesha hufa kwa haraka. Dawa yake ni mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa kufuata mfano wa maonyesho ya vijana wanasayansi ya Ireland, ambayo yenyewe yalianza 1965. Wanafunzi wanaleta utafiti wao, wanausimamia mbele ya meza ya maonyesho na kuhojiwa na majaji. Taasisi ya Karimjee Jivanjee imekuwa ikiwasomesha chuo kikuu washindi wakuu. Wa masomo ya sanaa asijitoe: tafiti za jamii na tabia zina nafasi yake humo.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye wazo. Wanataka kutengeneza ndege. Mimi ningeanzia jikoni na stoo. Shule ya bweni inachoma kuni kiasi gani kwa wiki, na moshi unaelekea wapi? Maharage ya stoo yanashambuliwa na wadudu gani, na majivu au mwarobaini vinasaidia kwa kiwango gani vikipimwa kwa haki, gunia lenye dawa kando ya gunia lisilo nayo? Maji ya kisima na ya bomba yanatofautiana nini kabla na baada ya mvua? Maswali hayo yanapimika kwa vifaa vilivyopo, data unayo kila siku mlangoni, na mpishi atakusimulia bure yale ambayo kitabu hakina. Anza daftari la vipimo leo, hata kabla hujajua shindano linafungwa lini. Majaji humtambua haraka aliyeanza kupima wiki iliyopita.

Klabu zenye mkono nje ya geti

Zipo klabu ambazo nguvu yake inatoka kwenye ofisi iliyo nje ya shule, na hizo huwa hazifi kirahisi. Klabu za Fema zimejengwa kuzunguka jarida la Femina Hip, shirika lililoanza mwaka 1999, ambalo jarida lake hufika shule za sekondari bila malipo; afya ya uzazi, ujasiriamali na maisha ya kijana ndiyo mambo yao. Roots & Shoots ilianza mwaka 1991 Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12 jijini Dar es Salaam, na sasa iko nchi nyingi; kwenye shule utawaona kwa vitalu vya miche. Malihai ni ya wapenda wanyamapori, na shule iliyo jirani na hifadhi isipokuwa nayo inajinyima safari. TAKUKURU wana klabu za wapinga rushwa, na ofisi yao ya wilaya huwa tayari kutuma mtu wa kuzungumza mkimwalika mapema. Skauti na Girl Guides mnawajua.

Msalaba Mwekundu nauweka peke yake. Bweni la wanafunzi wengi likiwa na watu kadhaa wanaojua cha kumfanyia aliyeanguka kifafa, aliyebanwa na pumu usiku wa manane au aliyeungua na uji, ni bweni lingine kabisa. Kama klabu hiyo ipo, ingia angalau upate mafunzo ya huduma ya kwanza. Kama haipo, mwambieni mlezi awaandikie Msalaba Mwekundu wa mkoa. Jifunze pia matroni au patroni analala wapi na anaamshwa vipi.

Vikundi vya dini

TYCS kwa Wakatoliki, UKWATA kwa Waprotestanti, CASFETA kwa Wapentekoste, TAMSYA kwa Waislamu: hivi ndivyo vikundi vyenye mpangilio kuliko klabu yoyote shuleni. Mgeni akifika huwa wao wa kwanza kumwonyesha bomba. Ukiugua watakuja kukuona. Wana viongozi, kumbukumbu, hazina, na mahusiano na parokia, kanisa au msikiti wa jirani, na mtu aliyejifunza kuongoza kikao huko anaweza kuongoza kikao popote.

Neno langu ni juu ya saa. Mazoezi ya kwaya, mkesha, darsa, kongamano la kanda, maandalizi ya mahafali ya kikundi: kila kimoja ni chema, na vyote kwa pamoja vinaweza kula muda wote wa kujisomea. Mwambie kiongozi wako mapema siku ambazo hutakuwepo. Kikundi chenye busara kitakuelewa. Kinachomhesabia mwanafunzi dhambi kwa kwenda kusoma kisikuogopeshe.

Michezo

UMISSETA hupanda ngazi kwa ngazi hadi taifa, na mara nyingi mashindano yanaangukia katikati ya mwaka. Fanya hesabu: wa kidato cha sita wameshamaliza Mei. Maana yake ukiingia kidato cha tano nafasi yako halisi ni moja, mwishoni mwa mwaka wako wa kwanza, na kikosi kinaanza kuonekana miezi kabla. Nenda uwanjani tangu muhula wa kwanza. Kuna mpira wa miguu, netiboli, wavu, kikapu, mikono na riadha, kuna kwaya na ngoma pia, na michezo isiyo na watu wengi ndiyo yenye nafasi. Usiyecheza, mwalimu wa michezo anahitaji mtu wa kutunza orodha, fomu na picha za wachezaji. Kazi hiyo haina makofi, lakini anayeifanya vizuri hupanda gari na timu.

Muda, pesa na vyeo

Siku ya bweni imegawanywa na kengele: kuamka kabla ya jua, usafi, paredi, vipindi hadi alasiri, chakula, kujisomea usiku hadi karibu saa nne. Kinachobaki ni kama saa mbili za jioni, na Jumamosi ambayo nusu yake ni ya kufua. Kwa hiyo klabu mbili zinatosha: moja ya kazi ya akili, nyingine ya mwili au ya watu. Aliye katika klabu tano hayupo hata katika moja. Na usijidanganye: maombi ya vyuo vikuu vyetu yanatazama ufaulu wa kidato cha sita, klabu haikuongezei alama hata moja hapo. Faida yake ya makaratasi iko kwenye ufadhili wa masomo unaouliza umeongoza nini na umeitumikia jamii vipi. Faida nyingine zote ni zako mwenyewe. Matokeo ya muhula yakishuka, punguza klabu kwa heshima: mwambie mlezi ana kwa ana, kabidhi ulichonacho, uondoke. Kuacha tu kwenda kunakuharibia jina kwa mtu mwenye ufunguo.

Michango isiwe ya aibu wala ya siri. Kabla hujatoa shilingi uliza kama mkuu wa shule ameidhinisha, nani anatunza, na kama kuna stakabadhi. Klabu inayokusanya pesa za fulana kabla ya kufanya kazi, ikwepe. Ukichaguliwa mhazini usilale na fedha za watu kwenye tranka. Mpelekee mlezi siku hiyohiyo, na saini yake ibaki kwenye daftari lako.

Uongozi wa klabu hubadilishwa wakati wa kidato cha sita wanapojitayarisha na mtihani wa moko. Huwa hawamtafuti mwenye kelele, wanamtafuta aliyekuwa akija kila wiki. Wewe njoo kila wiki.

Mlango usio wa klabu

Kuna mambo hayapelekwi kwenye kikao. Ukionewa, ukiguswa vibaya, ukikosa usingizi kwa habari za nyumbani, nenda kwa mwalimu wa malezi na unasihi. Ukiona huyo naye hafai, nenda kwa matroni, kwa mkuu wa shule, au kwa mwalimu yeyote unayemwamini. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haina malipo. Ikariri, maana simu huna, na siku utakayoishika ya mtu hutakuwa na muda wa kutafuta. Kituo cha polisi nacho kina Dawati la Jinsia na Watoto. Sanduku la maoni lifae kwa maharage yenye mawe. Jambo la hatari lisisubiri sanduku lifunguliwe.

Kabla ya Mei

Mwezi mmoja kabla ya mtihani, mwombe mlezi barua ya utambulisho. Usimwambie "niandikie vizuri tu". Mpelekee karatasi yenye cheo ulichoshika, tarehe ulizoanza na kumaliza, na mambo mawili au matatu mliyoyafanya yenye idadi: vitabu vilivyoazimwa, miche iliyopona, midahalo iliyofanyika. Mwalimu ana madaftari ya kusahihisha na hawezi kukumbuka yote. Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya shule, na saini na muhuri. Omba nakala mbili. Walimu huhamishwa, na mlezi akishapangiwa mkoa mwingine, aliyebaki ofisini hatakuwa na la kuandika juu yako.